Mwanga hauna tungamo, sasa unasukumaje vitu?

Kijana wa Uyole: Wakuu heshima kwenu. Dogo wangu yuko fomu foo kaniuliza jana tukiwa tunaota jua nje, maana baridi ya huku mnaijua, eti fotoni, yaani chembe ya mwanga, haina tungamo kabisa lakini inasukuma. Nikabaki natoa macho tu. Halafu mbona kivuli cha mkono ukiukaribisha ukutani kinakatika safi ila ncha ya kivuli cha nguzo ya umeme inafifia?

Fundi Sola: Dogo yuko sahihi bwana. Fotoni haina tungamo ila ina nishati na momenta, yaani ule msukumo wa kitu kinachokwenda, ikigonga kitu inakisukuma kidogo sana. Wajapani 2010 walirusha chombo kinaitwa IKAROS, kina tanga la mita 14 kwa 14, kikasukumwa na mwanga wa jua, mafuta hamna.

Bibi Ndizi wa Tukuyu: La kivuli ni rahisi mwanangu, jua sio nukta, ni duara la kama nusu digrii angani, kwa hiyo kitu kikiwa mbali na ukuta upande mmoja wa jua unazibwa na mwingine bado unachungulia. 2016 jua lilipopatwa likabaki kama pete nilikuwa Rujewa, Septemba 1, watu wote wanatazama juu mie naangalia chini ya mwembe, vile vijiduara vya mwanga unaopenya majani, ambavyo ni picha za jua lenyewe, vyote vimegeuka pete!!

Kijana wa Uyole: Duh bibi shikamoo, kesho namtoa dogo nje na kijiti

Bibi Ndizi wa Tukuyu: Marahaba, asikodolee jua tu