Samaki gani awe sura ya kampeni ya kuokoa mto?

MtoHaulali:
Wakuu habari zenu. Tuna kikundi kidogo cha kutunza mto, tunataka kuanza kampeni na tumekubaliana samaki mmoja ndo awe sura yetu, kama panda alivyobebeshwa misitu ya China. Ugomvi umeanzia hapohapo. Wengine wanataka lisamaki likubwa la kutisha, wengine kadogo kenye rangi, halafu mzee mmoja kasema samaki hana manyoya wala hakonyezi, nani atamuonea huruma, watu wakimuona wanawaza limau. Nimecheka ila sikuwa na jibu. Hivi hii kitu inafanya kazi kweli au tunachoma hela ya mabango?

KambareMzee:
Inafanya kazi, ila usimchague kwa sura, mchague kwa safari zake. Chukulia salmoni, anazaliwa juu kabisa mtoni, anaenda kukulia baharini, anarudi kutaga alikozaliwa, kwa hiyo ukimtetea huyo umetetea mto mzima toka kwenye chanzo mpaka unapomwaga baharini, na ukuta mmoja tu wa bwawa unamkatia njia. Mto Klamath kule Marekani makabila ya wenyeji walimpigania salmoni miaka na miaka, mabwawa manne yakabomolewa, kazi ikaisha 2024 na mwaka huohuo salmoni wakaonekana juu kule walikokuwa wamezibiwa. Sasa niambie nani angeandamana kwa ajili ya "ubora wa maji".

NyavuKavu:
Mi naongezea arapaima wa Amazon, Brazil wanamwita pirarucu, anakaribia mita 3 na kilo zake 200. Huyu anavuta hewa kama sisi, lazima aibuke kila baada ya dakika kadhaa, ndo maana ilikuwa rahisi kumchoma chusa mpaka akaadimika. Kule kwenye hifadhi ya Mamirauá, hukohuko Brazil, wanaomhesabu ni wavuvi wenyewe, mtu anakaa kwenye mtumbwi kimyaa dakika 20 anahesabu wanaoibuka, mzoefu akisikia ule mlio wa pumzi na maji yalivyorushwa anajua huyu kazidi mita moja na nusu au bado mtoto. Wakimaliza hesabu wanaruhusiwa kuvua wakubwa wasiozidi asilimia 30, basi. Na wamerudi kwa wingi. Kwa hiyo mzee wenu wa limau msimcheke sana, hao jamaa wanamlinda pirarucu kwa sababu wanamla na wanamuuza.

FuruMdogo:
Naharibu sherehe kidogo. Ukubwa peke yake hauokoi mtu, yule samaki wa mto Yangtze, China, mwenye pua kama kasia alikuwa jitu la mita kadhaa, alivuliwa kupita kiasi, 1981 bwawa la Gezhouba likamfungia njia ya kwenda kutaga, 2022 katangazwa ametoweka duniani.
Ila kinachoniuma zaidi ni mahseer wa mto Cauvery, India. Wavuvi wa ndoano walikuwa wanampenda kufa, ikaonekana dawa ni kuzalisha vifaranga na kuvimwaga mtoni, kumbe vifaranga ni vya mahseer mwingine mwenye mapezi ya bluu ambaye si wa mto ule!! Mgeni akajaa, yule mwenye nundu ambaye ndo mwenyewe akapungua, na jina lake la kisayansi limekuja kuthibitishwa 2018, mwaka huohuo akawekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa. Muda wote watu wanashangilia "mahseer wameongezeka". Kwa hiyo kabla ya bango mjue mnamtetea nani hasa, na msimwage vifaranga ili tu picha zitoke.

KambareMzee:
Hapo kwenye vifaranga umenimaliza mkuu, nilikuwa nakaribia kuwashauri hivyohivyo.

MtoHaulali:
Asanteni sana. Jana nimemwomba mzee wa limau anitajie samaki waliokuwa wakiingia kwenye nyavu zake ujanani na siku hizi hawaonekani. Kataja wanne bila hata kufikiri, na wawili kati ya hao sisi vijana wote hatujawahi kuwasikia. Wiki hii tunatafuta mtu wa kuwachora akiwa amekaa naye pembeni.