Yule bwana wa 88.15 apite hapa, leo sina adabu

Mzee wa Tiki:
Wakuu, mmeona alichoandika yule bwana jana usiku kuhusu fainali za DCI, yale mashindano ya Marekani ya vikosi vya matarumbeta na ngoma? Simtaji. Mnamjua, yule asiyeweza kusema hata salamu bila jedwali. Kachukua alama 88.15 ambazo Anaheim Kingsmen walitwalia ubingwa kule Whitewater mwaka 1972, kazipachika kwenye msimamo wa miaka hii, kisha kaandika: "Leo hawa ni wa kumi na moja." Wa kumi na moja! Mabingwa wa kwanza kabisa wa DCI! Na emoji ya kucheka juu.

Kwa faida ya watoto wa juzi: enzi hizo jaji wa utendaji alikuwa anaingia uwanjani na ubao wake na penseli. Kikosi kinaanza na alama kamili, kila kosa tiki moja, kila tiki 0.1 imekwenda. Flamu ya ngoma ya sneya imebanana, vijiti viwili vimetua kwa pamoja badala ya kimoja kutangulia kidogo: tiki. Roli, yale mapigo ya mfululizo, ya mmoja imekatika kabla ya wenzake: tiki. Mstari umepinda: tiki. Jaji katia sikio hatua mbili kutoka kwenye ngoma, anasikia mpaka mtu akimeza mate. Watu wanatoka kwenye tanuri hilo na 88.15, halafu mtu amelala chali na simu anasema wa kumi na moja.

Garfield Cadets mwaka 1983, msimu wa mwisho wa tiki, walishinda Miami kwa 94.40. Mwaka 1984 tiki zimefutwa, jaji anajenga alama kutoka chini, wakashinda Atlanta kwa 98.00. Kikosi kilekile. Hizo 3.6 zimeshuka kutoka mbinguni? Kubandika alama za tiki kwenye jedwali la leo ni kupima maziwa kwa rula. Wa kumi na moja! Kichwa kinaniuma.

Kijiti Hewani:
Mleta mada, kunywa maji kwanza 😂 Tiki ndizo zilizoua muziki. Fainali zikikaribia, kazi ilikuwa kupunguza: pigo gumu linatolewa, na mpigaji dhaifu anaambiwa achezeshe vijiti juu ya ngozi bila kuigusa. Kimya hakina tiki. Ndio ubingwa unaoulilia huo?

Mzee wa Tiki:
Sijauliza hayo. Nimeuliza hiyo "wa kumi na moja" imetoka wapi.

Nyuma ya Tuba:
Imetoka kwenye jedwali mkuu, si umesema mwenyewe.
Na tiki nyingine zilikuwa za uongo. Uwanja una yadi 100, kama mita 91. Sauti ikitoka mwisho huu hadi ule inatumia takriban sekunde 0.27. Kwa mwendo wa mapigo 160 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.375. Kwa hiyo ngoma zikiwa nyuma, walio mbele husubiri sauti iwapite ndipo wapulize juu yake, na kwa watazamaji jukwaani inafika kitu kimoja. Jaji aliyesimama katikati ya safu anasikia vitu viwili. Penseli inashuka, na kosa halipo.

Kijiti Hewani:
Tena jaji mmoja akipita kushoto na mwingine kulia, kila mmoja anarudi na idadi yake. Bahati nasibu.

Mama Bendera:
Mnapigania tiki kana kwamba alama zote zilikuwa tiki. Mvuto wa jumla, yaani onyesho zima linavyomgusa mtazamaji, hata miaka ya 70 ulijengwa kutoka chini. Someni kwanza.

Robo ya Kumi:
Ya leo mnaiona ya haki? Mvuto wa jumla 40, muonekano 30, muziki 30. Muziki ni shaba (vyombo vya kupuliza) 20, ngoma 20, uchambuzi wa muziki 20, jumla inagawanywa kwa mbili. Sasa kipengele cha muziki kikiwa na majaji wawili, mmoja akiongeza 0.1 tu, wastani unapanda 0.05, ukigawanya unabaki na 0.025. Fainali za Bloomington mwaka 2008, Phantom Regiment 98.125, Blue Devils 98.100. Haya, hesabuni wenyewe.

Mzee wa Tiki:
Angalau wewe unajua hesabu. Mpigie yule bwana umwambie.

Nyuma ya Tuba:
Afadhali 0.025 kuliko Orlando 1996. Phantom na Blue Devils wote mabingwa! Majaji wazima, karatasi rundo, wameshindwa kumpata mmoja.

Mama Bendera:
Na 2000 tena, Cavaliers na Cadets. Lakini kidonda changu ni Hawthorne Muchachos 1975. Kikosi kizima kimetolewa Philadelphia kwa sababu ya mtu mmoja aliyezidi umri. Hakuna tiki ya hilo.

Kijiti Hewani:
Sheria ni sheria dada.

Mama Bendera:
Dada yako nani?

Mzee wa Tiki:
Wakuu, turudi kwenye mada.

Beni Asilia:
Ngoma za beni za pwani, enzi za vikundi vya Marini na Arinoti, aliyekuwa akiamua ni mtaa. Nyie endeleeni na desimali.

Robo ya Kumi:
🤣🤣 Mtaa nao unahongwa.
Mimi shida yangu ilianza 2004 waliporuhusu maikrofoni, 2009 ikaja sinthesaiza, kinanda cha umeme. Safu ya tuba inahema mpaka inazimia, kumbe besi inayotikisa viti inatoka kwenye spika. Jaji wa shaba anampa alama nani, mpulizaji au fundi mitambo?

Nyuma ya Tuba:
Sinthesaiza haiingii kwenye karatasi ya shaba, acha upotoshaji.

Robo ya Kumi:
Haiingii, ila inaficha. Nota ya chini ikiyumba, nani ataisikia chini ya spika?

Kijiti Hewani:
Fungua uzi wako wa spika mkuu, tutakuja kukutukana hukohuko.