Nyutrino tasa haigusi kitu, sasa wanaitafutaje?

Dogo_Mikindani:
Wakuu shkamooni, niko form six PCM hapa Mtwara. Tumebishana bwenini mpaka taa zikazimwa. Nyutrino ya kawaida (kale kachembe kadogo kasiko na chaji) yenyewe inapenya dunia nzima bila kugonga kitu, hii tasa, ambayo bado ni ya kudhaniwa tu, ndo kabisa, wanasema imebakiwa na graviti tu. Sasa Wajerumani wanaoitafuta kwa tritiamu yao (haidrojeni nzito yenye mionzi) wananasa nini? Mshkaji wangu anasema ni usanii wa kula bajeti.

Mwl_Nachingwea:
Marhaba. Hawainasi dogo, wanapima elektroni. Tritiamu ikioza inageuka heliamu-3, inatoa elektroni na antinyutrino, na hao wawili wanagawana nishati ya karibu keV 18.6 (keV ni elektronivolti, eV, elfu moja, kipimo cha nishati), mgao haufanani kila mara, kwahiyo ukipima elektroni nyingi unapata grafu inayoshuka mpaka sifuri pale mwisho. Zinazojulikana ni aina tatu, sasa kama kuna ya nne, hiyo tasa, iliyo nzito, mara chache itatoka yenyewe badala ya ile ya kawaida, na ikitoka masi yake lazima ilipwe kwanza kwenye ile nishati (E=mc² hiyo hiyo ya darasani), elektroni haifiki tena kule juu. Ndo grafu inapata kijipindo, na umbali wa kijipindo kutoka mwisho unakupa masi. Chora mwenyewe, grafu kubwa halafu ndogo inayoisha mapema, zijumlishe utakiona.

Mzee wa Ng'apa:
Mashine inaitwa KATRIN, iko Karlsruhe. Mi hilo tanki lake ndo linaniacha hoi, mita 23 urefu, upana mita 10, tani 200. Lilitengenezwa Deggendorf, kama kilomita 400 tu kutoka hapo, ila barabarani halipiti, basi 2006 wakalishusha mto Danube, Bahari Nyeusi, Mediterania, Atlantiki, wakapanda na mto Rhine, kilomita kama 9,000!! Afu sisi barabara ya Dar ilivyokatika pale Somanga tukazungukia Songea tukaona tumeonewa 😂

Dogo_Mikindani:
😂😂 Asante mwalimu, nimechora kweli kinaonekana. Sasa wao wamekiona?

Mwl_Nachingwea:
Bado. Desemba 2025 walitoa matokeo kwenye jarida la Nature, elektroni milioni 36 za siku 259, kijipindo hakuna. Na hiyo sio hasara hata kidogo, maana kule Baksan, Urusi, jaribio la BEST la galiamu lilikuta nyutrino pungufu kama asilimia 20 na watu wakaanza kusema zilizopotea zimegeuka tasa, sasa KATRIN imefuta sehemu kubwa ya maelezo hayo. Ila hapo walichungulia pembeni ya mwisho wa grafu tu, masi za eV. Zile za keV, zinazoshukiwa kuwa mata nyeusi (mata isiyoonekana, inayojulikana kwa graviti yake tu), lazima ushuke chini kwenye grafu ambako elektroni zinamwagika, detekta (kifaa cha kuhesabu elektroni) ya zamani ingezidiwa.

Mzee wa Ng'apa:
Usiniambie wanaleta tanki lingine

Mwl_Nachingwea:
Hapana mzee, lile lile. Wanabadili detekta tu, TRISTAN, ya silikoni, ina pikseli zaidi ya 1,000 zigawane hiyo kazi.