RAV4 ya 1997: kurua ya distribisyo nibadilishe sasa au ningoje?

Wa Himbi: Wakubwa, nisaidieni. Nina RAV4 ya 1997, motere 3S-FE ya esansi, kompteri ya kilomita inasoma 143,000. Mekanisye wangu anataka tubadilishe kurua ya distribisyo, ule mkanda wa motere unaofanya supapa zifunguke kwa wakati wake. Shemeji anasema ngoja kwanza ilie, gari zima halichokozwi. Nimsikie nani?

Fundi wa Ndosho: Shemeji amechanganya na cheni, inayofanya kazi hiyohiyo kwenye motere nyingine. Cheni ikichoka inapiga kelele, utaisikia asubuhi ukiwasha. Kurua ni mpira, inakatika kimya na motere inazimika palepale. Una bahati, kwenye 3S-FE kurua ikikatika supapa hazigongi pistoni; utavutwa kwa kamba hadi garaji, basi. Kipimo ni kilomita 100,000 ama miaka 10, kinachotangulia. Ila kompteri ya gari la okazyo (lililotumika) mimi siiamini. Fungua kapo (boneti) utafute kibandiko, Wajapani wakibadilisha kurua huwa wanabandika.

Wa barabara ya Sake: Prado yangu ya mazutu (dizeli) haikuwa na huruma hiyo. Kurua ilikatika nikiwa na abiria, supapa zikapinda, kilasi (kichwa cha motere) ikabidi ishushwe. Baadaye tukafungua tablo (dashibodi) tujue kwa nini taa ya T-BELT, ile ya kukumbusha kubadilisha kurua, haikuwahi kuwaka. Kitundu kitupu! Aliyeniuzia alikuwa ameng'oa balbu.

Wa Himbi: Pole sana kaka. Fundi, kibandiko nimekipata, kimejaa vumbi la volkeno. Kinasema 98,000 km, tarehe 18.6. Si ni 2018? Yaani imetembea 45,000 tu. Shemeji anacheka hapa.

Fundi wa Ndosho: Asicheke. Hiyo 18 ni ya Heisei, hesabu ya enzi ya mfalme wao. Jumlisha na 1988, unapata 2006. Mpira wako umeshabalehe! Na ukifungua, badilisha pamoja na pampu ya maji, kwani inazungushwa na kurua hiyohiyo, hutapenda kulipa kazi mara mbili. Galeti (roli zinazokaza kurua) pia, na sili za mbele: mafuta yakivujia kurua mpya yanaila. Ukienda kwenye maduka ya Birere kununua kurua, ukikuta muuzaji ameikunja na kuifunga kama soksi, mwachie. Nyuzi za ndani zimeshaumia.

Wa Himbi: Nimempigia mekanisye, tunafungua Jumamosi. Shemeji ndiye atashika tochi.