Mwanza–Dar kwa ndege ni muda gani hasa? Nampeleka mama kliniki

Wakuu, shikamooni wakubwa, vijana mambo.

Mama yangu ana miaka 71, yuko Nyegezi hapa Mwanza. Jumanne ijayo saa 5 asubuhi ana kliniki Muhimbili. Miguu inavimba akikaa sana, kwa hiyo basi nimeliweka kando. Ila hesabu zinanichanganya: simu inasema Mwanza–Dar ni kilomita 850, kondakta kaniambia 1,100 na ushee. Ndege nayo, huyu anasema lisaa na nusu, yule mawili. Nikipanda ya alfajiri siku hiyohiyo nitawahi? Mama hajawahi kupanda ndege, na ameshasema hatoki bila samaki, sato wa kumpelekea shangazi Dar.

Mtoto wa Kirumba: Wote wako sahihi mkuu. 850 ni mstari ulionyooka angani. Barabara inazunguka Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro ndipo ikuone Dar. Jeti inatumia lisaa limoja na dakika 20 hadi 30. Ndege ya pangaboi ni taratibu zaidi, inaweza kukaribia masaa mawili. Uliza ndege gani kabla hujalipa.

Mama Dagaa: Masaa ya angani ndiyo madogo kuliko yote! Nyegezi hadi uwanjani unakatiza mji mzima, uwanja uko Ilemela huko. Uwe pale masaa mawili kabla. Ukishuka Dar kuna kusubiri mabegi, kisha foleni ya Barabara ya Nyerere. Mlango kwa mlango weka masaa sita. Ndege ikichelewa kidogo tu, kliniki imeota mbawa. Nendeni Jumatatu, mama alale kwa shangazi.

Mzee wa Reli: Basi hadi Dodoma, pale unadaka SGR, ile treni ya reli mpya. Masaa manne hayaishi uko Dar.

Mtoto wa Kirumba: Mzee, Mwanza–Dodoma ni karibu kilomita 700 za kukaa kitini, na miguu ndiyo hiyohiyo. Reli mpya ikifika Mwanza tutaongea.

Ngosha Mpole: Basi achana nalo kabisa. Mwaka jana letu lilikata pumzi mlima Sekenke usiku, tulikaa juu ya mabegi hadi jua linatoka. Bibi mmoja alishindwa kuvaa viatu vyake.

Mama mwombee kiti cha magurudumu mapema, na akae kando ya njia ili ainuke kunyoosha miguu. Dawa na cheti cha kliniki visiende kwenye begi kubwa. Mpe pipi ndege inapopaa na inaposhuka, la sivyo masikio yataziba. Na muulize daktari wake kuhusu huo uvimbe kabla hamjasafiri.

Mama Dagaa: Sato wagande siku mbili, nailoni mbili, boksi, kisha gundi ya karatasi kila kona. Nilishawahi kupeleka wa barafu nusunusu. Boksi likaloa chini, kijana wa mizani akalinusa, akanirudishia mbele ya foleni nzima. Aibu yake!

Mleta uzi: Asanteni sana. Nimekata tiketi ya Jumatatu mchana, jeti. Kiti cha magurudumu mama amekataa, anasema yeye si mzigo wa kusukumwa. Nimekiomba hivyohivyo, atakikuta hukohuko. Sato wanne wako kwenye friza ya jirani tangu jana.