Presha ya maji ya kupozea seva inashuka, lakini waya wa kutambua uvujaji uko kimya

MlinziSeva aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa mifumo ya kupozea seva kwa maji, kwa sababu nimefika mahali ambapo vipimo nilivyo navyo vinaonekana kupingana.

Ninasimamia chumba chenye makabati manane ya seva, kila moja likitumia takriban kilowati 40. Prosesa zinapozwa kwa mabamba ya shaba yanayopitisha maji ndani yake, na kila seva imeunganishwa na manifoldi (bomba kuu linalogawa maji) iliyo nyuma ya kabati kwa mipira miwili yenye koplingi za kuchomeka na kuchomoa. Mzunguko wa ndani una lita 180 za maji yaliyochanganywa na propilini glikoli asilimia 25, nao umetenganishwa na maji ya jengo kwa kibadilisha joto. Mfumo ulijazwa miezi mitano iliyopita.

Tatizo ni kwamba kila baada ya wiki tatu presha hushuka kutoka baa 2.0 hadi baa 1.6, na ili kuirudisha hunibidi kuongeza lita 2 hivi za maji yaliyoondolewa chumvi, kama alivyokuwa akifanya aliyenitangulia. Waya wa kutambua maji umetandazwa sakafuni chini ya makabati yote. Nimeujaribu kwa kitambaa chenye maji na king'ora kikalia mara moja. Nimepiga magoti nikamulika kwa tochi kabati baada ya kabati, na sakafu ni kavu. Vipima mkondo vya kuingilia na kutokea vinasoma sawasawa, takriban lita 60 kwa dakika kwa kila kabati. Maji yanakwenda wapi?

Jambo la pili ni kwamba uongozi unataka tuweke utaratibu wa kujiendesha ambao, kitambuzi chochote kikilia, valvu za kabati husika zitajifunga papo hapo. Moyo wangu hautulii juu ya pendekezo hilo, ila sina hoja ya kulipinga.

FundiMirija alijibu:

Ndugu MlinziSeva, asante kwa kuleta takwimu kamili, kwa kuwa zinaturahisishia kazi. Ukizitazama kwa hesabu utaona kwamba vipimo vyako havipingani hata kidogo.

Lita 2 kwa siku 21 ni takriban mililita 95 kwa siku, yaani mililita 4 kwa saa. Tukichukulia kwamba matone 20 hufanya mililita 1, unapoteza tone moja kila baada ya sekunde 45. Sasa rudi kwenye vipima mkondo vyako. Kipima mkondo kizuri chenye usahihi wa asilimia 1, kikisoma lita 60 kwa dakika, kinaweza kukosea kwa mililita 600 katika kila dakika hiyo, kwa hiyo kukitegemea kikuonyeshe upotevu wa mililita 4 kwa saa ni sawa na kupima pete kwa mizani ya magunia. Vifaa hivyo viliwekwa kwa ajili ya mpira uliochomoka au bomba lililopasuka, na kwa kazi hiyo vinafaa sana.

Waya wa sakafuni nao una mpaka wake. Ndani yake mna nyaya mbili zisizogusana, na maji yakiziunganisha mkondo mdogo wa umeme hupita, ndipo king'ora kinapolia. Iliyo bora hupima ukinzani na kukuambia hata ni mita ya ngapi kutoka mwanzo wa waya. Lakini yote hayo yanahitaji maji yafike chini. Tone moja kila sekunde 45, likitokea nyuma ya seva ambako feni zinatoa hewa ya moto mchana na usiku, hukauka kabla halijaanguka. Maji huondoka na hewa, ilhali glikoli, ambayo hukauka polepole mno, hubaki pamoja na viambato vya kuzuia kutu na kufanya utando unaonata. Huo utando ndio unaopaswa kuutafuta, wala usitafute maji.

Kabla hujafungua chochote, thibitisha kwamba upotevu ni wa kweli. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 40 hupanuka kwa takriban asilimia 0.6, na glikoli huongeza kidogo juu ya hapo, kwa hiyo katika mzunguko wa lita 180 mabadiliko ya joto pekee yanaweza kuonekana kama zaidi ya lita 1 imeingia au imetoka. Nimewaona mafundi wakihangaika siku nzima kutafuta uvujaji ambao ulikuwa tu ni seva kuzimwa usiku. Soma presha daima katika joto lilelile la maji na mzigo uleule wa seva. Kwa upande wako, kwa kuwa unaongeza tena na tena na presha haipandi kupita kiasi seva zikipata moto, nina hakika kwamba maji yanapotea. Hewa iliyobaki wakati wa kujaza ingeweza kuwa sababu katika wiki za mwanzo, ikitoka taratibu kupitia valvu ya kutolea hewa, lakini miezi mitano ni mingi mno kwa hilo.

Anza na kibadilisha joto, kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo maji yanaweza kupotea bila kuacha alama yoyote chumbani. Bamba la ndani likitoboka na presha ya mzunguko wako ikawa juu kuliko ya maji ya jengo, kipozeo chako kitavujia upande wa jengo na hakuna kitambuzi cha chumbani kitakachojua. Linganisha presha za pande mbili. Kama ya jengo ndiyo kubwa, kibadilisha joto hakihusiki, kwa maana kingetoboka presha yako ingepanda. Kama ni ndogo, subiri siku ya matengenezo, zima seva, tenga kibadilisha joto kwa valvu zake, kisha uangalie kama mzunguko uliobaki unashika presha kwa saa kadhaa.

Kikifaulu mtihani huo, gawa makabati nusu kwa nusu: funga manne, tazama manne, halafu mawili kwa mawili. Kwa makabati manane, majaribio matatu yanakufikisha kwenye kabati lenye kasoro. Hapo sasa chukua karatasi nyeupe ya kufutia, izungushe kwenye shingo ya kila koplingi na kwenye kila kifungo cha mpira, ukague rangi na unato. Kidole chenye glovu nyembamba huhisi glikoli mapema kuliko macho. Ikiwa bado hupati, wapo watengenezaji wa vipozeo wanaoruhusu kuchanganywa rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Muulize wako kwanza, kwa kuwa si kila rangi inapatana na viambato vilivyomo.

MkemiaWaMaji alijibu:

Nakubaliana na FundiMirija, ila kuna jambo katika swali lako lililonishtua kuliko hata uvujaji wenyewe, nalo ni kwamba unajazia maji matupu. Kinachovuja ni mchanganyiko, na unachorudisha ni maji, hivyo kila mara unaizimua glikoli. Kwa miezi mitano yamkini umeshashuka kutoka asilimia 25 hadi karibu 23, na kwa mwendo huu mwaka ukitimia utakuwa karibu na asilimia 21. Viambato vya kuzuia kutu vinapungua kwa uwiano huohuo.

Asilimia 25 haikuchaguliwa kwa ajili ya baridi kali, kwa kuwa ndani ya chumba cha seva hakuna kinachoganda. Ilichaguliwa kwa sababu katika kiwango hicho bakteria hawastawi. Ikizimuliwa sana glikoli hugeuka kuwa chakula chao, utelezi hujengeka ndani ya mabomba, na njia nyembamba za mabamba ya kupozea huziba. Tafadhali pima leo kwa refraktomita, yaani kifaa kinachosoma kiasi cha glikoli ndani ya maji, matone mawili yanatosha, kisha ujazie kwa mchanganyiko uleule kutoka kwa mtengenezaji yuleyule. Na ukipata koplingi mbovu, usiweke ya alumini kwenye mzunguko wenye mabamba ya shaba, kwani metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji yanayopitisha umeme alumini huliwa, nawe utakuwa umejitengenezea uvujaji wa mwakani.

Kaskazi alijibu:

Mimi nitajibu swali la pili, kwa kuwa liliwahi kunigharimu.

Tulikuwa na utaratibu uleule ambao uongozi wako unaupendekeza. Alfajiri moja kitambuzi cha trei kililia, valvu za kabati zikajifunga katika sekunde chache, na seva zote za kabati hilo zikajizima kwa joto moja baada ya nyingine, pamoja na kazi iliyokuwa imeendeshwa kwa siku nne. Nilipofika nilikuta matone kwenye trei, nikapangusa bomba la kuingizia maji, na baada ya dakika chache likatoa jasho tena. Hapakuwa na uvujaji. Maji yalikuwa yakiingia yakiwa nyuzi 18 ilhali kiwango cha umande cha hewa ya chumba, yaani joto ambalo chini yake unyevu hugeuka matone, kilikuwa nyuzi 19, kwa hiyo unyevu wa hewani uligeuka matone juu ya bomba. Tangu siku hiyo joto la maji yanayoingia kwetu hufuata kiwango cha umande na kubaki juu yake kwa nyuzi 2 au zaidi. Mabamba ya kupozea hayahitaji maji baridi. Kompyuta kuu ya SuperMUC iliyowashwa mwaka 2012 karibu na Munich, Ujerumani, ilibuniwa itumie maji ya hadi nyuzi 45.

Hoja ya kuwapelekea viongozi wako ni hii. Prosesa ya kazi za akili mnemba kama H100 ya NVIDIA inaweza kula hadi wati 700. Bamba la shaba la nusu kilo lenye mililita 100 za maji humeza takriban jouli 600 kwa kila digrii moja ya kupanda. Ukifunga maji huku umeme ukiendelea, bamba hilo litapanda zaidi ya digrii 1 kwa kila sekunde, kwa hiyo una nusu dakika hivi kabla prosesa haijafika kwenye kikomo chake. Valvu ikijifunga kwanza, umechagua kupoteza seva zote za kabati ili kuokoa pengine seva moja.

Mpangilio sahihi ni kuzima kwanza, maji baadaye. Kitambuzi kimoja kikilia peke yake, mtu aarifiwe na kazi mpya zisipelekwe kwenye kabati hilo. Kitambuzi hicho kikiungwa mkono na ushahidi wa aina nyingine, kama presha inayoshuka au kitambuzi cha pili kilicho mahali tofauti, kazi zihifadhiwe, seva zizimwe, umeme wa kabati ukatwe kwenye swichi iliyo mbali na eneo lenye maji, ndipo valvu zifungwe. Hali pekee ambayo mimi huruhusu mashine iamue yote bila mtu ni presha kuanguka ghafla, maana hapo bomba limeachia na kila sekunde ni lita sakafuni. Hata hapo umeme hukatwa kwanza, na valvu hufuata mara moja. Usisimamishe pampu ya mzunguko mzima, kwa kuwa utakuwa umeyaadhibu makabati saba yasiyo na kosa.

Pia ongeza vitambuzi ndani ya seva zenyewe, chini ya mabamba, ikiwa watengenezaji wako wanavyo. Kiwango cha Redfish, kinachotumika kusimamia seva kupitia mtandao, kina muundo maalumu wa kuripoti uvujaji kupitia kidhibiti cha seva, hivyo huhitaji kubuni lugha yako. Tundu dogo kwenye mpira wenye presha hurusha maji juu na pembeni, na waya wa sakafuni utakuwa wa mwisho kupata habari.

Seva iliyolowa isiwashwe kwa sababu tu imekauka. Viambato vilivyobaki juu ya bodi hupitisha umeme vikipata unyevu. Iondoe, ioshe kwa maji yaliyoondolewa chumvi, imalizie kwa pombe ya isopropili, iache ikauke kabisa, ndipo uijaribu.

MlinziSeva aliandika baada ya siku 9:

Ndugu zangu, nimerudi na majibu.

Refraktomita ilisoma asilimia 23, kama alivyokadiria MkemiaWaMaji. Presha ya maji ya jengo ilikuwa ndogo kuliko yetu, kwa hiyo tulikitenga kibadilisha joto siku ya matengenezo. Presha ya upande wa makabati ikaendelea kushuka, nacho kikaondolewa shaka. Tulipogawa makabati, jaribio la tatu lilituacha na kabati namba 6.

Karatasi nyeupe ilitoka safi kwenye koplingi 21 za kwanza. Ya 22, upande wa maji yanayorudi, yaani upande wa moto, ilitoka na duara la rangi ya manjano hafifu, na glovu ikanata. Kwa macho ilionekana kavu na mpya. Tulipoifungua tulikuta uzi mmoja wa kitambaa cha kufutia, mfupi kama kope, umelala juu ya oringi (pete ya mpira inayoziba kiungo), na chini yake pete ilikuwa imeshaingia alama. Aliyeunganisha seva ile alipangusa koplingi kwa kitambaa kinachoacha nyuzi. Sasa kwenye kisanduku cha vifaa tumeweka vitambaa visivyotoa nyuzi, na oringi za akiba za aina ileile.

Glikoli imerudishwa asilimia 25. Uongozi umekubali mpangilio wa Kaskazi baada ya kuwaonyesha hesabu ya wati 700, na swichi za umeme zitaunganishwa kabla ya valvu. Nimeweka pia mita kwenye mpira wa kujazia, ili kila mililita inayoongezwa iandikwe na tarehe yake.

Leo alfajiri, maji yakiwa nyuzi 32 na seva zikiwa na mzigo wa kawaida, geji ilisoma baa 2.0. Siku sita zilizopita, katika joto hilohilo, ilisoma baa 2.0.