Sauti feki imemtenga mama na jirani yake, na hakuna anayesikiliza

Wadau, leo sina adabu, mnivumilie.

Wiki tatu zilizopita, kwenye grupu la wasapu la chama cha mama yangu huko Molo, Kenya, iliangushwa sauti ya sekunde 47. Ni mwanasiasa mmoja wa kwetu, kwa Kikuyu, eti anawakumbusha watu wawajue "wageni", yaani watu wa makabila mengine, mapema kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Ukiisikia tu, utaapa ni yeye kabisa. Ila isikilize mara ya tatu: jamaa havuti pumzi hata mara moja, na sisi tunamjua, hamalizi sentensi mbili bila kukohoa. Imepikwa na akili unde (AI).

Kesho yake jirani ya mama, Mkalenjin, alirudisha sufuria aliyoazima. Akaiacha mlangoni. Chai hakunywa. Huyu ndiye aliyemficha mama jikoni kwake Januari 2008, watu wakiuana baada ya uchaguzi!

Nikaripoti kwenye mtandao wenyewe. Orodha ya lugha ndefu kama ya msiba, Kikuyu hakuna. Nikabonyeza Kiswahili. Siku 11 baadaye jibu likaja kwa Kiingereza: haijakiuka kanuni. Nani aliisikiliza?

Nikaenda kituoni. Afisa akauliza kitu kimoja tu, nani alifowadi, kisha akataka simu ya mama. Mama ana miaka 68, hata kubadilisha mlio wa simu humfanyia mjukuu.

Na msiniambie sheria hatuna. Ile ya makosa ya kompyuta ya 2018 ilikuja na faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa habari za uongo, 2025 ikanolewa tena. Mkakati wa akili unde wa 2025 hadi 2030 nao ulizinduliwa kwa mbwembwe. Mwishoni mwa 2024 baadhi ya vijana waliosambaza picha za kumkejeli rais walitekwa. Aliyepika sauti ya Molo analala kwake.

2007 hakukuwa na akili unde ya kupika sauti hivi. SMS na redio za lugha za mama zilitosha, tukazika zaidi ya watu 1,100. Nairobi hii hii vijana walichuja uchafu wa Facebook wa nchi za watu kwa miaka. Kampuni zishindwe kuajiri wa kusikiliza Kikuyu, Kikalenjin, Kidholuo na Kisomali?

Sauti bado inazunguka, jana nimeipata grupu la kanisa. Mwenye kujua mlango wa kugonga aseme hapa. Wa "puuza tu" apite.